Shajara ya mradi: chemba za kupimia gesijoto katika shamba la mtama, Dodoma

Shajara hii inafuatilia utengenezaji wa chemba, yaani vyombo vinavyofunika kipande cha ardhi ili kupimia gesijoto zinazotoka kwenye udongo na mimea, kwa ajili ya majaribio ya mtama na karanga katika shamba lililo nje kidogo ya jiji la Dodoma, upande wa Msalato. Inaandikwa ili kikundi kingine chenye fungu dogo la fedha kiweze kuifuata au kuirekebisha; kwa hiyo hatua za kawaida zimefupishwa, ilhali yaliyoharibika yameelezwa kwa kirefu pamoja na bei zake. Gesi zinazotuhusu ni tatu: hewaukaa, methani na nitrasi oksaidi.

12 Agosti 2024: Kipi kipimwe kwa kifaa gani

Mashine zinazopima gesi zote tatu papo hapo shambani zinauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na hazikuwamo katika mawazo yetu. Swali lilikuwa ni gesi ipi inayoweza kupimwa kwa kihisi cha bei nafuu bila kujidanganya.

Kwa hewaukaa jibu ni rahisi. Molekuli zake hufyonza mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 4.3, na vihisi vidogo vinavyotumia kanuni hiyo vinapatikana kwa bei ya kuvumilika. Tumechagua SCD30, ambayo hupima kuanzia ppm (sehemu kwa milioni) 400 hadi 10,000 kwa kosa la ppm 30 kuongeza asilimia 3 ya kinachosomwa. Kosa hilo linaonekana kubwa, lakini kazi yetu ni kufuatilia kasi ya gesi kupanda ndani ya chemba iliyofungwa, na kihisi kilekile kinachokosea kwa kiasi kilekile kila sekunde hakiharibu kasi hiyo.

Kwa methani tulijaribu kihisi cha bei ya chini kinachotumika kwenye ving'ora vya gesi ya kupikia, kilichogharimu shilingi 12,000. Hakikufaa hata kidogo. Kihisi cha namna hiyo huanza kuhisi gesi ikiwa imefikia mamia ya ppm, ilhali hewa ya kawaida ina methani ya takriban ppm 1.9 tu, na udongo mkavu wa juu kama wa hapa kwa kawaida huila methani badala ya kuitoa, kwa hiyo kiasi ndani ya chemba hushuka chini ya hapo. Namba zilizokuwa zikipandapanda kwenye kompyuta zilifuata unyevu wa hewa, na zilipanda pia mtu alipofungua chupa ya spiriti karibu. Nitrasi oksaidi iko chini zaidi, takriban ppm 0.34. Gesi hizi mbili zitachukuliwa kwa bomba la sindano, zihifadhiwe ndani ya vichupa na kupelekwa kwenye maabara yenye kromatografi ya gesi, mashine inayotenganisha gesi na kupima kila moja.

3 Septemba 2024: Chemba ya ndoo

Toleo la kwanza lilitengenezwa kwa ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyogeuzwa juu chini. Ndoo ni rahisi kupatikana na watu wengi huanzia hapo. Tatizo lake ni kwamba ukuta wake ni mwembamba: ukiikandamiza ili ikae vizuri, inabonyea kisha inarudi, na kila inaporudi huvuta hewa kutoka kwenye vinyweleo vya udongo, hewa ambayo ina hewaukaa nyingi kuliko ya juu. Grafu ilianza kwa kuruka ghafla kabla ya kutulia, na urefu wa mruko ulitegemea nguvu ya mkono wa aliyefunika. Isitoshe, mdomo wa ndoo si duara kamili. Toleo hili limeachwa.

30 Septemba 2024: Chemba ya bomba, na jaribio la uvujaji

Chemba ya sasa imekatwa kutoka kwenye bomba la PVC la inchi 10, lenye ukuta mnene usiobonyea. Kipande cha chini, chenye urefu wa sentimita 13, ni pete inayobaki ardhini msimu mzima. Kipande cha juu, chenye urefu wa sentimita 20, ndicho kifuniko, na juu yake kimezibwa kwa bamba la plastiki lililogandishwa kwa silikoni. Pete na kifuniko vinaunganishwa kwa mkanda mpana uliokatwa kwenye tyubu ya tairi la gari, ambao huvutwa na kufunika ungio. Tulinunua kwanza sponji ya kuzibia milango, ikawa nzuri kwa siku chache kisha ikachujuka kwa jua na vumbi. Tyubu ya gereji imedumu.

Ndani ya kifuniko kuna feni ndogo ya kompyuta ya volti 5, iliyoelekezwa ukutani na si ardhini, kwa sababu upepo wake ukipiga udongo moja kwa moja hukoroga tabaka la hewa lililotulia juu ya udongo na kubadilisha kile kile kinachopimwa. Kihisi, bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo inayoendesha vifaa), kadi ya kuhifadhia data na kihisi cha BME280 cha joto na mgandamizo wa hewa vimefungwa kwenye kisanduku kimoja kinachochomekwa juu.

Jaribio la uvujaji lilitupotezea muda kuliko tulivyotarajia. Mpango ulikuwa kusimamisha chemba ndani ya beseni la maji ili maji yazibe chini, kuingiza hewaukaa kidogo iliyotengenezwa kwa magadi ya kuokea na siki, kisha kutazama kama kiwango kitashuka. Kilishuka, na tukaziba kila ungio kwa silikoni upya, na bado kikashuka. Chemba haikuwa ikivuja: hewaukaa ilikuwa ikiyeyuka kwenye maji ya beseni. Badala ya beseni sasa tunatumia kioo cha dirisha kilichopakwa vaselini, na chemba inakandamizwa juu yake. Kwa chemba yenye ujazo wa lita 11, mililita 22 za hewaukaa zinatosha kupandisha kiwango kwa ppm 2,000. Chemba inayopoteza zaidi ya asilimia 2 ya nyongeza hiyo kwa nusu saa inarudishwa kwa fundi.

21 Oktoba 2024: Pete kuingia ardhini

Mwezi wa kumi udongo wa Dodoma ni mgumu kama sakafu. Pete mbili za kwanza zilipasuka chini ya nyundo, hata baada ya kunolewa ukingo kwa tupa. Mmoja wetu alipendekeza tuloweshe ardhi, nalo ndilo jambo ambalo mtu yeyote anayetaka kuiga kazi hii anapaswa kulikwepa. Udongo uliokauka kwa miezi ukipata maji ghafla hutoa hewaukaa nyingi kwa mkupuo mmoja. Vijidudu hufufuka na kula mabaki yaliyorundikana wakati wa ukame. Jambo hilo linajulikana kwa jina la H. F. Birch, aliyelichunguza Muguga, Kenya, na kulichapisha mwaka 1958. Kulowesha ili kulainisha ni kuanzisha tukio lilelile ambalo tunasubiri mvua ilianzishe.

Dawa imekuwa pete ya chuma. Fundi wa kuchomelea alikunja bapa la chuma kwa kipenyo cha bomba letu, akalinoa upande mmoja na kuchomelea mishikio miwili upande wa pili, kwa shilingi 25,000. Pete hiyo inagongwa kwanza na kutolewa, ikiacha mfereji mwembamba ambao pete ya plastiki inaingia kwa kukandamizwa na ubao. Inaingia sentimita 8, ikibakiza 5 juu ya ardhi. Kwenye vipande vya udongo mweusi wa mbugani, unaopasuka wakati wa kiangazi, hatukuweka pete yoyote iliyo karibu na ufa, kwani ufa hupitisha gesi kando ya ukuta na chemba hupima kitu kisichokuwepo.

Vipimo vilivyochukuliwa siku ileile ya kugonga pete vilikuwa juu sana, kwa sababu ya mizizi iliyokatwa na udongo uliotikiswa. Tunasubiri angalau wiki moja kabla ya kuhesabu chochote. Mbuzi wanaochungwa kwenye mabua baada ya mavuno walizing'oa pete kadhaa. Mwenye shamba alitukatia matawi ya migunga yenye miiba na kuzungushia kila kituo, na wamekoma.

11 Novemba 2024: Hewa ya Dodoma ni nyepesi

Hiki ndicho kipengele ambacho msomaji wa Dodoma, Iringa, Mbeya au mahali popote pa juu asikiruke.

Kihisi kilipowekwa nje penye upepo, mbali na watu, kilisoma takriban ppm 370. Hilo haliwezekani. Wastani wa dunia ulishavuka ppm 420, na hakuna sehemu ya wazi mchana ambayo ingeweza kushuka hadi hapo. Tulidhani kihisi ni kibovu, tukajaribu cha pili, nacho kikasema vilevile.

Chanzo ni mwinuko. Kihisi cha infraredi hakipimi uwiano wa gesi katika hewa. Kinahesabu molekuli zilizo kwenye njia ya mwanga, kisha programu yake inageuza hesabu hiyo kuwa ppm kwa kudhani mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari, yaani hPa (hektopaskali) 1,013. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, na BME280 yetu inaonyesha hPa 890 hivi. Molekuli zimepungua kwa asilimia 12, kwa hiyo na namba inapungua kwa asilimia 12: 420 inakuwa 369.

Njia ya mkato, ambayo tumeona ikitumiwa na wengine, ni kukipeleka kihisi kwenye hewa safi na kukilazimisha kikubali kwamba hapo ni 420. Namba ya hewa safi inapendeza mara moja. Hata hivyo, kinachofanyika hapo ni kuongeza takriban 50 kwenye kila kipimo, na kwa kuwa mtoko wa gesi, yaani kiasi kinachotoka kwenye eneo fulani kwa muda fulani, unakokotolewa kutokana na mteremko wa grafu, nyongeza isiyobadilika haigusi mteremko hata kidogo. Kosa la asilimia 12 linabaki palepale, ila sasa limefichika. Njia sahihi ni kukipa kihisi mgandamizo halisi. SCD30 inapokea agizo hilo kati ya milibari 700 na 1,400, ambazo ni sawa na hPa kwa idadi, na programu yetu sasa inasoma BME280 na kupeleka namba hiyo kila chemba inapofungwa. Pamoja na hilo tumezima urekebishaji wa moja kwa moja, ambao hudhania kwamba kifaa hukutana na hewa safi kila siku. Chetu hulala stoo.

Baada ya marekebisho hayo hewa safi ilisoma kati ya 415 na 430, na tukadhani tumemaliza. Lakini mitoko yote ya hewaukaa ilipanda kwa takriban asilimia 14 ikilinganishwa na ya wiki iliyotangulia, bila sababu yoyote shambani. Jibu lilikuwa kwenye jedwali la kukokotolea. Kanuni yake ni kwamba mtoko ni sawa na kasi ya kupanda kwa gesi, mara ujazo wa chemba ukigawanywa kwa eneo, mara idadi ya moli za hewa (moli ni kipimo cha wingi wa molekuli) katika mita moja ya ujazo. Jedwali tulilorithi lilikuwa limeandika moli 40.9, ambayo ni kweli kwa usawa wa bahari kwenye nyuzijoto 25. Kwa hPa 890 na nyuzijoto 30, hewa ya Dodoma ina moli 35.3 tu.

Kumbe wiki zote za mwanzo tulikuwa na makosa mawili yaliyofutana: kihisi kilisoma pungufu, jedwali likazidisha, na jibu likatoka karibu na ukweli. Tuliporekebisha moja na kuliacha la pili, ndipo tukakosea. Mfano: chemba yetu, ambayo ujazo wake ukigawanywa kwa eneo lake unatoa mita 0.25, ikionyesha kupanda kwa ppm 12 kwa dakika kwa kihisi kilichorekebishwa, mtoko ni mikromoli 1.77 kwa mita ya mraba kwa sekunde. Jedwali la zamani lingesema 2.05. Anayelinganisha matokeo ya Dodoma na ya Dar es Salaam au Tanga kwa jedwali moja lisiloguswa atapata tofauti ambayo haikutoka kwenye udongo.

Jambo dogo la ziada: pumzi ya mtu ina hewaukaa ya takriban ppm 40,000. Anayefunika chemba asimame upande upepo unakoelekea na asiiinamie.

16 Desemba 2024: Upepo, kisha mvua

Chemba iliyofungwa inahitaji tundu dogo la kusawazisha mgandamizo, vinginevyo joto au kifuniko chenyewe kinaisukuma hewa kurudi ardhini. Tundu letu la kwanza lilikuwa mrija mfupi ulionyooka. Kwenye upepo wa Dodoma mrija huo uligeuka kuwa kinyonyeo: upepo unaopita juu ya mdomo wake ulivuta hewa kutoka ndani ya chemba, na chemba ikavuta kutoka udongoni. Siku zenye upepo mkali mitoko ilikuwa mikubwa kuliko ya siku tulivu, kwenye udongo uleule mkavu. Mrija sasa ni mrefu, umezungushwa kando ya chemba, na mdomo wake unatazama chini ndani ya kikopo kilicho wazi upande wa chini. Tofauti kati ya siku za upepo na za utulivu imepungua kiasi cha kutotuhangaisha.

Mvua ya kwanza ya kutosha imefika, na kipimamvua cha shamba kilionyesha mm 17. Kabla yake mtoko ulikuwa kati ya mikromoli 0.3 na 0.5, saa chache baadaye ulikuwa umevuka 4, kisha ukaanza kushuka kabla hata shamba halijalimwa. Ratiba yetu ya awali ya kupima mara moja kwa wiki ingeukosa mlima huo wote. Kwa mvua zinazonyesha kati ya Desemba na Aprili, zikifuatwa na ukame mrefu, ratiba ya Dodoma inapaswa kufuata mvua na si kalenda.

10 Februari 2025: Mtama umezidi chemba

Mtama ulipita urefu wa chemba mapema. Tumetengeneza vipande vya kuongezea urefu vinavyofungwa kwa mkanda uleule wa tyubu, na kila kipande kinaongeza ujazo unaopaswa kuandikwa kwenye daftari, la sivyo mtoko unakosewa kwa uwiano uleule. Kwa mtama uliokomaa hatutaifukuzia mimea. Tunapima kati ya mistari peke yake.

Joto lilikuwa tatizo kubwa zaidi. Chemba ya kijivu juani ilipanda kwa nyuzijoto 6 ndani ya dakika tano. Kupaka rangi nyeupe kulisaidia kidogo. Kuifunika kwa karatasi ya alumini ya jikoni juu ya tabaka la godoro jembamba kumeshusha mpando huo chini ya nyuzijoto 2. Kwa kuwa chemba haipitishi mwanga, kinachopimwa ni upumuaji wa udongo na mmea, bila usanisinuru. Kwa hewaukaa tunafunga dakika tano tu.

24 Machi 2025: Gharama hadi sasa

Chemba moja kamili imefikia shilingi 438,000. Karibu nusu ya fedha hiyo ni kihisi cha hewaukaa, kilichofika kwa shilingi 210,000 pamoja na usafirishaji na ushuru. ESP32, BME280, kadi na feni, vilivyoagizwa Kariakoo na kutumwa kwa basi, ni 75,000; bomba 48,000; betri na chaja 32,000; bamba la juu 30,000; pete ya chuma 25,000, ingawa hiyo moja inatosha kwa chemba zote; tyubu, klipu na silikoni 18,000. Pete za ardhini ni nyingi, lakini kisanduku cha vifaa ni kimoja kinachohamishwa, kwa hiyo kituo cha pili na kuendelea ni gharama ya bomba tu. Vilivyoshindwa, yaani ndoo, kihisi cha methani, sponji na pete zilizopasuka, vimetugharimu kama 70,000.

19 Mei 2025: Vichupa

Nitrasi oksaidi ndiyo sababu ya mbolea kuwamo katika jaribio hili. Molekuli zake zina nguvu ya kupasha joto mara 273 ya hewaukaa kwa kipindi cha miaka 100, na makadirio ya kimataifa huchukulia kwamba asilimia 1 ya nitrojeni ya mbolea hupotea kwa njia hiyo. Marekebisho ya mwaka 2019 ya miongozo ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, yameshusha kiwango hicho hadi asilimia 0.5 kwa maeneo makavu. Vipimo halisi vya maeneo kama haya bado ni vichache.

Chemba inafungwa dakika 45 na sampuli nne zinavutwa kwa bomba la sindano la ml 60 lenye koki ya njia tatu. Kila kichupa cha ml 12, kilichonyonywa hewa kabla, kinasukumiwa ml 24. Wingi huo una sababu. Kichupa kilichojazwa Dodoma kwa mgandamizo wa hPa 890 na kupelekwa pwani kitakuwa na mgandamizo mdogo kuliko hewa inayokizunguka, na kizibo kikilegea kidogo tu kitavuta hewa ya huko ndani. Kikijazwa mara mbili, kikivuja kitapoteza gesi lakini hakitachanganya.

Ili kuokoa fedha tulijaribu vichupa vya dawa za sindano vyenye vizibo vya mpira, vilivyooshwa na kukaushwa, sambamba na vichupa vya maabara. Vyote vilijazwa hewa ya kawaida, vikawekwa stoo wiki mbili, kisha kila kimoja kikatobolewa ndani ya maji chini ya silinda ya kupimia iliyogeuzwa, ili hewa iliyozidi ijikusanye na kusomwa. Kichupa kisichovuja kinapaswa kutoa ml 12. Vya maabara vilitoa 11 au zaidi. Vya dawa vilitoa kati ya 3 na 7, na vile ambavyo kizibo chake kilikuwa kimeshachomwa sindano hospitali havikutoa kitu.

Vichupa vya dawa vimeondolewa kwenye orodha ya manunuzi. Sampuli za msimu wa mvua zilizokuwa ndani yake hazitapelekwa maabara; zilizo ndani ya vichupa vya maabara zitasafirishwa mwezi ujao, zikiwa pamoja na vichupa vichache vya hewa safi ya hapa shambani vitakavyoonyesha kama njiani kuna kilichoingia.